Sabuni ya Majivu na Kibuyu cha Mama Mkwe

Oktoba 6

Daftari hili lilikuwa la maabara. Kurasa za mwanzo zilijaa makosa ya wanafunzi, nimezichana. Nimekuwa fundi wa maabara chuoni miaka thelathini na moja, na nimestaafu na koti moja jeupe, miwani ya kukinga macho na tabia ya kuandika kila kitu pamoja na tarehe yake. Basi naandika.

Mke wangu Evelina anakohoa. Jana daktari alisema, mbele yangu na kwa sauti, kwamba ana pumu na kifua chake hakitaki tena dawa kali za usafi: ile ya kudekia, ile ya choo, ile ya vioo. Akiendelea nazo, siku moja kifua kitafunga na huenda kisifunguke. Evelina akaitikia, "Ndiyo, daktari." Tukatoka, akapita dukani akanunua chupa mbili za dawa ya kudekia.

"Mama Chenge, hukumsikia daktari?"

"Nimemsikia. Yeye ndiye atakuja kunidekia?"

Chupa nimezifungia stoo. Kuanzia leo nyumba hii itasafishwa kwa mimea, na sabuni nitaitengeneza mwenyewe. Mtu aliyeandaa tindikali kwa vizazi vya walimu hashindwi na sabuni.

Kikohozi leo: mara kumi na tisa.

Oktoba 9

Nimekusanya maganda ya ndizi debe tatu kwa akina mama wanaopika mitaani. Nimeyakausha, nimeyachoma, majivu nimeyaloweka. Jirani yetu Roza, mchuuzi wa samaki, mtu wa Rorya, alisimama kwenye ua akitazama moshi.

"Mwalimu, unachoma nini?"

Ananiita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha. Nimemsahihisha mara mbili, nimechoka. Nilimweleza habari ya majivu na mafuta. Akacheka. "Hiyo bibi yangu alikuwa anajua. Lakini ya maganda ni kidogo. Nitakuletea magugu maji, ziwani yamejaa yanatusumbua tu. Yakauke vizuri, majivu yake yanakwangua mpaka dhambi."

Kikohozi: kumi na saba.

Oktoba 13

Magugu maji yana majivu makali kweli. Nilipima kwa yai: likielea, maji ya majivu yameiva. Lilielea. Evelina akauliza yai lake nimelipeleka wapi.

Nimeyachemsha na mafuta ya pamba kwa saa tano. Nimepata ujiuji wa kahawia, mzito, unaoteleza. Roza aliujaribu kwenye sufuria yake ya sangara, sufuria ambayo hata paka huikwepa. Ikatakata. Nilijisikia kijana.

Evelina aliuchota kidogo, akausugua mikononi.

"Povu liko wapi?"

Nilimweleza kwamba povu halisafishi kitu, ni pambo tu. Nilieleza kwa kirefu, labda dakika ishirini. Alisubiri nimalize.

"Baba Chenge, sabuni isiyo na povu ni maji yenye kiburi," akasema, akaenda zake jikoni.

Oktoba 15

Mvua ya kwanza. Nimeanza siki ya maganda ya nanasi na sukari guru, madumu manne, kwa ajili ya vioo na choo.

Oktoba 18

Dumu moja limepasuka stoo. Paka amehama.

Oktoba 19

Leo jumuiya yetu ya kanisa wamesali kwetu. Nilideki mwenyewe asubuhi kwa sabuni yangu. Sakafu ilikuwa safi, naapa, ila vigae vyeupe vilibaki na michirizi ya kahawia na hewa ilikuwa na harufu kidogo ya magugu. Kidogo sana. Odeta, katibu wa jumuiya, aliingia, akavuta pua, akasema mbele ya watu kumi na wanne:

"Mama Chenge, siku hizi mnafuga?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Evelina hakucheka. Aliwahudumia chai, akarudi jikoni moja kwa moja.

Kikohozi: tisa! Chini ya nusu ya siku ya kwanza. Nilimwonyesha jedwali jioni, hakuliangalia.

Oktoba 27

Mama mkwe amefika kutoka Magu na mkoba, godoro lake mwenyewe na kibuyu. Paa lake linavuja, atakaa mpaka mvua zipungue.

Kwa desturi yetu mkwe ni wa kukaa naye mbali. Mimi sili naye meza moja wala simtazami usoni, na yeye, tangu nioe, hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Kila neno linapita kwa Evelina, ambaye humwita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, hata tukiwa sebule moja na mimi nikisikia kila kitu.

"Evelina, mwulize mumeo mbona nyumba yake ina moshi kama tanuru la matofali."

"Baba Chenge, mayu anauliza habari ya moshi."

"Mwambie mama ni sabuni."

"Mayu, anasema ni sabuni."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia sabuni wanauza dukani."

Kibuyu chake kikubwa, cheusi kwa miaka, ni cha kugandishia na kusukia maziwa. Hanywi maziwa yaliyolala kwenye plastiki. Amekitundika jikoni, juu ya beseni langu la mchaichai, na tangu hapo natembea jikoni kama mgeni.

Novemba 2

Siki ya nanasi imeiva. Nimefuta vioo vyote. Mama mkwe alinawa mikono, akamwaga maji dirishani kama alivyozoea siku zote, na maji yote yakamrudia kifuani.

"Evelina! Mwambie mumeo alifunge dirisha lake au alifungue, nijue moja!"

Sikuwahi kupata ushahidi mzuri kama huo katika kazi yangu yote.

Novemba 4

Mvua. Kikohozi: sita.

Novemba 9

Naandika haya nikiwa nimekaa stoo kwa hiari yangu.

Leo mama mkwe alikwenda kanisani na Evelina. Nilibaki peke yangu na sabuni mpya niliyoiboresha: majivu ya magugu maji, mafuta ya pamba, maji ya majani ya mpapai, mwishoni mchaichai. Haina michirizi. Nilitaka kuwaonyesha kitu ambacho hawangeweza kubisha. Nikatazama huku na huku. Sufuria zilikuwa safi. Vioo vilikuwa safi. Macho yangu yakatua kwenye kibuyu.

Ndani kilikuwa na utando mweusi wa sijui miaka mingapi, na harufu ya moshi. Nilijiambia: mama wa watu anakunywa maziwa humu. Nilijiambia mengi mazuri. Nikamimina maji ya moto, sabuni, changarawe, nikatikisa. Nikamwaga maji meusi. Nikarudia mara sita, kisha nikasuuza kwa siki ya nanasi, kisha nikasugua nje kwa dodoki. Kilitoka cheupe kama kibuyu cha jana. Nikakiweka mezani, juu ya kitambaa.

Walirudi. Mama mkwe akasimama mlangoni, akakitazama kama mtu anayeangalia maiti ya jirani na hana hakika ni ya nani. Akakichukua, akatia pua kwenye mdomo wa kibuyu, akavuta. Akakaa chini sakafuni.

"Evelina," alisema taratibu, "mwulize mumeo, kibuyu changu kiko wapi."

"Mayu, si hicho hapo?"

"Hiki hakinijui. Kibuyu changu nilipewa na mama siku naolewa. Hakijawahi kuona sabuni. Kinaoshwa kwa maji ya moto, kinafukizwa kwa kijinga cha moto, moshi unakaa ndani, maziwa yanapata ladha. Miaka sitini na mbili! Mwambie mumeo amekwangua miaka sitini na mbili akaimwaga kwenye mtaro."

Nilitaka kusema kwamba moshi ni masizi. Evelina alinitazama, na ninamshukuru Mungu kwamba niliuelewa mtazamo ule kwa wakati.

Roza alikuja kuazima chumvi, akaambiwa, akashika kichwa. "Ooo, mwalimu! Kibuyu cha mkwe! Kwetu ungetoa ng'ombe."

Novemba 10

Hukumu imetoka. Sitatoa ng'ombe. Nitakifukiza kibuyu kila asubuhi, kwa vijiti alivyokuja navyo amevifunga kwenye kanga, vya mti ambao amekataa kunitajia jina. Kisha nitatia lita mbili za maziwa ya jana, nitakaa barazani, mbele ya njia, na kuyasuka mpaka siagi ijitenge. Hiyo kwetu ni kazi ya wanawake, na ndiyo maana imechaguliwa baraza. Ataonja. Ladha ikirudi, deni limekwisha.

Nimesuka saa moja na nusu. Wamepita watu ishirini na saba, ishirini na sita wamesimama kunisalimia. Wa ishirini na saba alikuwa na haraka, lakini alirudi.

Maziwa yalikuwa na ladha ya mchaichai.

"Evelina, mwambie mumeo: bado."

Novemba 11

Bado.

Novemba 12

Bado. Bega la kulia.

Novemba 15

"Evelina, mwambie mumeo asitikise kama anaua nyoka." Bado.

Novemba 18

Leo nilikaa nikisuka na kufikiri. Kumbe mama huyu hana utani kuhusu usafi. Anaosha kibuyu kwa maji yanayochemka, anafukiza, anakausha juani, anachungulia ndani kwa jicho moja kama mimi nilivyokuwa nachungulia mirija. Anayo njia yake na anaifuata bila kukosea hatua. Nilikuwa na wasaidizi chuoni waliosoma na hawakuwa hivyo. Sikumwambia, ningemwambiaje?

Bado, lakini aliyaonja mara mbili.

Novemba 23

Kikohozi: kumi na moja. Sielewi. Wiki iliyopita ilikuwa nne. Hakuna dawa kali ndani ya nyumba, chupa ziko stoo na ufunguo ninao mfukoni. Nimeshuku mchaichai. Nimeutoa.

Novemba 26

Kumi na nne. Nimeshuku moshi wa kibuyu, nikahamishia kufukiza nyuma ya nyumba. Mvua inanyesha kila siku, madirisha yamefungwa. Nimeshuku ukungu ukutani, nikaufuta kwa siki.

Desemba 1

Kumi na sita. Nimeshuku paka, ambaye alirudi.

Jumuiya wamepanga novena ya Noeli. Tarehe kumi na nane ni kwetu, na padre atakuja. Evelina anasugua nyumba tangu sasa. Namwona akizunguka na ndoo, amejifunga kanga puani. Nilimuuliza kanga ya nini, akasema vumbi. Vumbi, katika mvua hii, na mimi mtaalamu nikaandika kwenye jedwali: vumbi.

Desemba 7

Nitaandika ilivyokuwa.

Saa sita mchana. Mvua kubwa, upepo unatoka ziwani, kila dirisha limefungwa. Nilikuwa barazani na kibuyu. Nikasikia ndoo imeanguka bafuni. Nikaenda, na kabla sijafika mlangoni pua yangu ikaijua ile harufu, ilinikumbusha siku moja tulipowatoa wanafunzi wote maabara mbio. Evelina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mdomo wazi, na hewa haiingii. Pembeni yake kulikuwa na chupa mbili, dawa ya kudekia na dawa ya choo. Alikuwa amezichanganya kwenye ndoo moja ili ziwe na nguvu zaidi.

Nilijua ni gesi gani. Nilijua jina lake na jinsi inavyozaliwa, na kwamba ni nzito kuliko hewa hivyo inakaa chini, pale pale alipokaa mke wangu. Nilijua kila kitu, nikasimama mlangoni kama nguzo.

"Machibya!"

Ni jina langu, lakini sauti ile sikuitambua. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, ananitazama usoni, macho kwa macho.

"Machibya, unasubiri nini? Mbebe!"

Nikambeba. Miaka sitini na tatu, bega lililoharibiwa na maziwa, nikambeba mpaka nje barazani kwenye upepo. Mama mkwe alivunja kitasa cha dirisha la bafu kwa mchi. Roza aliingia bila hodi, akaitafuta dawa ya kuvuta kwenye mkoba wa Evelina, akampa, kisha akasimama katikati ya barabara na mikono yote juu mpaka bajaji ikasimama. Hospitali walimwekea hewa ya mashine. Midomo yake ilikuwa ya rangi ambayo sitaki kuiona tena.

Nimemuuliza Roza kama alijua. Alijua. Chupa zilikuwa zinafichwa kwake, ndani ya ndoo ya dagaa.

"Aliniomba, mwalimu. Alisema anaona aibu. Nisamehe."

Niliogopa sana leo. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Desemba 9

Amelazwa bado, anazungumza. Nilikwenda na hotuba nimeiandaa, yenye vipengele vitatu. Nilipokaa kitandani kwake nikasahau vyote, nikauliza swali ambalo ningeuliza Oktoba.

"Mama Chenge, kwa nini?"

Akanieleza kitu ambacho katika miaka thelathini na nane ya ndoa hakuwahi kunieleza. Nilijua kwamba alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani Mabatini, kwa mama mmoja. Sikujua kwamba mama yule, akirudi kazini, hakuwa anaangalia sakafu. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pua. Asiposikia dawa, Evelina alideki upya nyumba nzima kabla ya kula.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mpaka leo mtu akiingia kwangu, nasikiliza pua yake. Odeta alipovuta pua siku ile, nilirudi palepale, baba Chenge. Njaa ile ile nikaisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaeleza habari ya povu."

Nilimshika mkono. Nimehesabu kikohozi cha huyu mwanamke miezi miwili na sikuwahi kumuuliza anaogopa nini. Nimelifunga jedwali, sitahesabu tena.

Desemba 11

Karudi nyumbani. Chupa zote, zangu za stoo na za Roza, nimezipeleka kwa bwana afya wa kata, naye ataziharibu anavyojua. Mama mkwe ameonja maziwa, akamaliza kikombe, akakipeleka mwenyewe jikoni. Nadhani nimesamehewa. Sikuuliza.

Amerudi kunisemesha kupitia Evelina, kana kwamba tarehe saba haikuwepo. Ni sawa. Mimi ninajua ilikuwepo.

Desemba 13

Leo Evelina amekaa kwenye kiti katikati ya ua, amejifunga blanketi, na kwa mara ya kwanza ndiye aliyetoa amri.

"Hiyo ya magugu iende kwenye masufuria na choo. Sitaki kuiona kwenye vigae vyangu. Ya vioo iache ilivyo. Ya sakafu weka ya maganda ya ndizi, ichuje kwa kitambaa mara tatu, usipime kwa yai langu."

"Na harufu?"

Akafikiri sana. Nilikuwa na mchaichai, mrehani, maganda ya malimau, majani ya mkaratusi. Alinusa kimoja kimoja, mbali kidogo na pua, na kila kimoja akakirudisha.

"Usiweke kitu," akasema. "Nataka nijue kama naweza."

Tulipika pamoja. Alikuwa anakoroga, mimi nachuja. Aliniita mara moja nikaone: kwenye ukingo wa sufuria kulikuwa na povu, jembamba, la kidole kimoja. Nilikuwa na maelezo kuhusu povu lile. Niliyameza.

Desemba 16

Mvua. Evelina amepunguza kula, hana raha, anatembea chumba hadi chumba akivuta pua. "Hainuki kitu, baba Chenge. Kabisa. Watasema sijadeki."

"Tununue tu ya dukani?" nilisema, nikimjaribu, na nikajuta hapohapo kwa jinsi alivyochelewa kujibu.

"Hapana," akasema mwishowe.

Desemba 18

Wamekuja ishirini na wawili, na padre. Mvua ilikuwa inanyesha lakini madirisha yote yalikuwa wazi, Evelina aliyaacha wazi kwa makusudi, watu wa pembeni wakapewa kanga za kujifunika. Vigae vilikuwa vyeupe mpaka vikaniumiza macho. Mimi nilikaa karibu na mlango. Roza, ambaye si wa jumuiya wala si Mkatoliki, alikuja akakaa mbele kabisa.

Odeta aliingia wa mwisho. Akasimama mlangoni. Nikaona pua yake inapanuka. Nikamwona Evelina akiwa ameshika sahani ya mishumaa katikati ya sebule, amekaza mwili wote kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Nilitaka kusimama niseme neno lolote.

Odeta akavuta pua. Akavuta tena.

"Mama Chenge, leo hujadeki?"

Padre akaangalia kitabu chake. Evelina alivuta pumzi ndefu, taratibu, nikaisikia ikiingia yote mpaka chini bila kukwama popote.

"Nimedeki mara mbili," alisema. "Kama pua yako inatafuta dawa, dada yangu, nenda hospitali. Mimi nimetoka huko."

Roza ndiye aliyeanza kucheka, kisha padre, kisha wote, na mwishowe Odeta mwenyewe, ambaye alivua viatu akapita mbele ya watu, akakaa kwenye vigae na gauni lake jeupe.

Tukasali. Ulipofika wimbo, Evelina akaanzisha yeye. Wimbo ule una beti saba na sisi huwa tunaimba tatu, kila mtu anajua hivyo. Tulipomaliza ubeti wa tatu yeye akaendelea na wa nne. Watu wakatazamana, wakamfuata. Akaingia wa tano. Padre alikuwa ameshafungua mkono kutoa baraka, akaurudisha. Wa sita hakuna aliyeujua, aliuimba peke yake, amesimama wima, kifua kimefunguka, na sauti ikatoka nje mpaka barabarani.

Mimi nilitoka barazani, kwa sababu mwanaume wa miaka sitini na tatu halii mbele ya jumuiya. Nikamkuta mama mkwe ametangulia, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Hatukutazamana, sisi ni wakwe. Tulisimama yeye upande wake na mimi upande wangu, tukilia kila mtu kivyake, mpaka Evelina akamaliza ubeti wa saba.